Mraba Usio Wake

Naapa kwa miwani hii iliyo puani mwangu, ambayo bila yake sitofautishi mbuzi na mkoba, kwamba kila neno lililo hapa ni la kweli na sikuongeza hata chembe. Najua mtaani wanasema Mzee Sudi akikwambia mvua inanyesha, toka kwanza uguse ardhi. Waache. Wao wanadhani uongo ni kazi nyepesi. Uongo unataka mgongo imara: uutunge leo, uubebe kesho, keshokutwa uukumbuke ulivyokuwa, na kila anayekuja kukusikiliza umkatie kipande kikubwa kuliko cha mwenzake. Mimi nimechoka. Mtu aliyechoka kiasi hiki hana nguvu ya kubuni, hivyo yaliyobaki mdomoni mwangu ni ukweli tu, kwa sababu ukweli unajitembeza wenyewe.

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu baada ya sala ya adhuhuri, sijalala, sijaamka, mara nikaona mkono wa kochi una ngazi. Mbao ile niliipiga msasa kwa mikono yangu mpaka ikawa laini kama shavu, na sasa ilikuwa inashuka kwa vidaraja, kidaraja baada ya kidaraja. Nikajitazama tumboni. Tumbo langu, ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa duara lisilo na mpinzani, nalo lilikuwa ngazi. Mtu mdogo angeweza kulipanda mpaka kifuani akakaa akapumzika. Nikajua kuna mahali nimeingia, ila mlango sikuuona, na hata leo sijauona.

Mji ule hauna jina, au unalo lakini halikuenea kwenye nafasi iliyotengwa. Kila kilichomo ni miraba. Mraba ukiwashwa ni kitu, usipowashwa si kitu, na hakuna cha katikati: hakuna kijivu, hakuna machweo, hakuna labda. Jua lina pembe. Wingu halisogei, linaruka. Lipo hapa, kisha lipo pale, na kati ya hapa na pale halikuwahi kuwapo. Nikajaribu kutembea nikaona na mimi ndivyo ninavyokwenda. Hatua haina njia, ina kutoka na kufika basi. Nikafikiri jinsi nilivyofika kwenye uzee. Ni vivyo hivyo. Nilikuwa kijana pale, kisha nikawa mzee hapa, na hakuna mtu aliyeniona nikipita katikati.

Halafu kuna lile giza. Mara sitini katika kila sekunde mji wote unazimwa na kuwashwa. Wewe uliye nje ya kioo huoni kitu, unaona picha imetulia na unafurahi na gemu lako. Lakini aliye ndani anazimwa, anawashwa, anazimwa, anawashwa, na kila akiwashwa anaambiwa wewe ni yule yule wa mwanzo. Nani alithibitisha? Miaka sabini na mitatu nimeamka kila asubuhi nikamkuta Sudi kwenye kioo cha kunyolea ndevu, nikakubali tu, kwa uvivu, kwamba ni yule wa jana. Pengine Sudi wa jana alizimwa akaenda zake, na mimi nimeachiwa viatu vyake. Ndiyo maana vinanibana.

Giza.

Mimi nani.

Mwanga.

Sudi, fundi mstaafu, magoti mabovu.

Giza.

Nani aliyejibu hapo?

Mwanga.

Mbele yangu palikuwa na meza, na nyuma ya meza Karani. Uso wake ulikuwa na miraba miwili ya macho. Mdomo aliuwasha alipotaka kusema, akimaliza anauzima. Kule mwanga ni mgao, na yeye ndiye mgawaji. Hakuna mraba unaowaka bila jina la aliyeuwasha kuwa kwenye daftari lake. Nilimtazama nikaona amechoka kama mimi, ila uchovu wake ulikuwa umenyooka, wenye mistari.

"Mzee, umesajiliwa?" akauliza.

"Mimi sisajiliwi hapa. Hapa ni kwangu."

"Kwako kivipi?"

"Herufi zote mlizonazo hapa, kuanzia A, mimi ndiye niliyezichora."

Usinicheke. Nikueleze ilivyokuwa, maana hadithi hii nimeisimulia miaka arobaini na kila mwaka inanona. Nilikuwa fundi kwenye karakana ya mashine za gemu, zile kabati ndefu zenye kioo kifuani na fimbo ya kushika. Ufundi sikuusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa. Mashine zile zilikuja zikisema lugha ya zilikotoka; mchezaji akishindwa anaandikiwa asichokijua, anadhani ameshinda, anamshika fundi shati adai zawadi. Bosi akataka ziseme Kiswahili. Basi nikachora herufi mpya, kila moja ndani ya kisanduku cha miraba minane kwa minane, na kila mraba kati ya ile sitini na minne nikauamulia: wewe waka, wewe lala. Nilichora kwa miezi mitatu. Kwenye arusi ya mpwa wangu ilikuwa miezi sita. Msibani kwa jirani, kwa kuwa watu walikuwa na huzuni na walihitaji kitu kizito, ilifika mwaka na nusu.

Karani alinisikiliza mpaka mwisho bila kuwasha mdomo. Kisha akasema, "Kama ni wewe, umefika wakati mzuri. Njoo."

Pembeni mwa kioo kuna kichochoro, na humo herufi zilikuwa zimepanga foleni zikingoja kuitwa. Kazi yao ni moja. Mchezaji akifa, wanakimbia katikati ya kioo, wanasimama MCHEZO UMEKWISHA, wanangoja mtu aguse kitufe, wanavunja mstari na kusimama tena ANZA TENA. Kisha wanarudi kichochoroni. Miaka arobaini wanampa binadamu habari moja mbaya na ushauri mmoja. Hakuna anayewasoma kwa upole. Wengine wanawapiga kioo ngumi, kana kwamba wao ndio waliowaua.

Waliponiona waliulizana kwa macho, kisha S akatoka mbele akanipima juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Mzee, mimi nilikuwa niwe na viuno. Viwili. Ukanipa pembe."

"Nafasi ilikuwa ndogo, binti yangu."

"Ilikuwa ndogo. Na hilo tumbo lako lilipata wapi nafasi?"

H akacheka chinichini. K, ambaye mkono mmoja umekwenda juu na mguu mmoja umekwenda mbele tangu azaliwe, akasema, "Mwache mzee wa watu. Mimi ningependa kuuliza tu kama kuna siku nitashusha huu mkono."

"Nyamazeni," Karani akasema. "Mleteni Bi M."

Hawakumleta, alikuwa amekaa pale pale chini, nyuma yao, na herufi haziruhusiwi kukaa. Alikuwa mpana, amejaza kisanduku chote, mabega yake yanagusa kuta. Katika ile sentensi yao ndefu huyu anaitwa mara mbili, mwanzo na katikati, hivyo hana nafasi ya kuvuta pumzi. Anasimama hapa akiwa bado anakimbilia kule. Mwanga wake ulikuwa unapepesuka.

"Ni wewe, baba?" aliniuliza.

"Ni mimi, Bi M."

"Basi nitoe kwenye hili. Ndani yangu kuna mraba mmoja si wangu. Naubeba tangu siku ya kwanza. Kila tukiwashwa unanichoma, na sasa moto umetambaa mwili mzima, siwezi kusema unaanzia wapi."

"Ni upi?"

"Ningekuwa naujua ningekusumbua? Sisi hatujioni, baba. Anayetuona ni aliye nje."

Karani akanionyesha upande wa lango kuu. Nje ya lango walisimama herufi wapya. Walikuwa laini, wa duara, hawana pembe hata moja, wamepakwa vivuli vya kupendeza, na walitupungia mikono kwa adabu kama wafanyakazi wapya wanaosubiri wa zamani atoe vitu vyake mezani. M wao alikuwa mbele.

"Taa ikizimwa mara elfu moja kuanzia sasa," Karani akasema, "na Bi M hajatengenezwa, tutamwingiza yule."

"Na huyu?"

"Hatawashwa tena. Sheria zetu ni chache, mzee. Mraba hauguswi ila na mkono ulioupanga. Kama ni wewe uliyempanga Bi M, unajua ni mraba gani haukutakiwa. Uguse, uzimike, aishi. Moja. Mbili. Tatu."

Kuzimwa mara elfu, kwa saa za kwenu, ni kama sekunde kumi na saba. Kwa saa za kule ni muda wa kutosha mtu kuchoka vizuri.

Hapo ndipo mwenye akili angesema jamani samahani, nilikuwa natania. Nilikuwa na nafasi hiyo, naikumbuka ilivyokuwa pana. Lakini sijui kama umewahi kusema jambo kwa miaka arobaini. Linaacha kuwa jambo ulilosema, linakuwa jambo lililokutokea. Nilikuwa nayakumbuka maumivu ya mgongo ya ile miezi mitatu. Nilikuwa naikumbuka penseli. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa, nikamkagua Bi M kama daktari aliyelipwa tayari.

"Ni huu hapa," nikasema, nikagusa mraba wa bega lake la kulia.

Ukazimika. Bi M akalala upande kama nyumba iliyokatwa nguzo. Karani akauwasha tena upesi, akaandika kitu.

"Si huo," Bi M alisema alipopata sauti. "Baba, huo ulikuwa wangu."

"Mia mbili na kumi," Karani akasema.

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja. Nikafikiri: kila kitu kibovu huwa kibovu katikati. Redio huharibika katikati, ndoa huharibika katikati. Nikagusa mraba wa bondeni, pale mabega yake mawili yanaposhuka kukutana.

Ukazimika, na Bi M akawa watu wawili wasiojuana. Nguzo moja huku, nguzo nyingine kule. Nusu yake ilikuwa inaitafuta nusu yake, na hakuna iliyokuwa na jina la kuiita nyingine. Karani alipouwasha, taa ikazimwa labda mara hamsini kabla Bi M hajajikusanya.

"Huo ndio unaonishika pamoja," akasema mwishoni, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kwenda chooni. "Hukuujua?"

S hakuwa na utani tena. "Mzee," alisema, "kama hujui, sema."

"Naujua. Macho tu."

"Mia tano na arobaini," Karani akasema. "Una shahidi? Mtu aliyekuona ukichora."

Na ulimi wangu, ambao hauniulizi kabla ya kutoka, ukajibu: "Ninaye. Mke wangu, Kidawa. Alikuwa akinipepea nikichora, joto lilikuwa kali. Bahati mbaya ni marehemu, mwaka wa kumi na moja huu."

Nilidhani nimefunga mlango. Shahidi aliyekufa ndiye shahidi mzuri kuliko wote, nimemtumia mara nyingi.

"Hapa hatuna marehemu," Karani akasema akiandika jina. "Tuna waliozimwa tu."

Giza.

Usimwite.

Mwanga.

Alikuwa amesimama kando ya S. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kama alivyokuwa mwaka ule wa herufi, gauni la kushindia nyumbani, sindano imechomekwa kwenye ukosi na uzi mwekundu unaning'inia. Hata yeye alikuwa wa miraba, lakini kwake ilikaa vizuri, kama mtu aliyevaa nguo aliyojishonea. Mimi nilikuwa na miaka sabini na mitatu. Sikujua niiweke wapi.

"Baba Mize," alisema. "Umezeeka."

"Kidogo."

"Si kidogo."

Karani akamgeukia. "Mama, huyu mzee anasema ulikuwa ukimpepea alipokuwa akichora herufi hizi."

Kidawa alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu upesi, na hilo halikubadilika.

"Nilikuwa nampepea," alisema. "Kwa mkono upi? Mmoja ulikuwa na sindano, mwingine ulikuwa na kitambaa."

Basi. Nitakuambia sasa, kwa kuwa nimeshaapa na miwani bado naihitaji. Makochi yetu saba yalikuwa na vitambaa saba, kila kimoja kimedariziwa maneno ya kukaribisha watu. Kidawa alidarizi kwa kuhesabu matundu ya kitambaa: kila tundu nyuzi mbili zinazopishana, mraba mmoja mwekundu. Herufi zake zote zilikuwa za matundu manane kwa manane, kwa sababu aliona hapo ndipo zinapokaa sawa mgongoni mwa kochi. Mimi nilipewa kazi na bosi, nikakaa na karatasi tupu siku nne, herufi zangu zikafanana na vyungu vilivyovunjika. Siku ya tano nikaegemea kochi, nikageuza shingo. Nikachukua karatasi ya grafu, nikanakili. Ilinichukua jioni moja, na katikati nilikula.

Kidawa alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Bi M. Hakumkagua. Alishika mguu wa kushoto, chini kabisa, ukingo wa nje, kama mtu anayeshika kitasa cha nyumba yake.

"Nani ameziba hapa?"

Karani akanitazama kwa miraba yake miwili.

"Mwanamke anayedarizi kwetu," Kidawa akamwambia Karani, "huacha tundu moja bila kulitia uzi. Vitambaa tunaazimana. Ikiwa kuna arusi, nyumba moja inakusanya vya mtaa mzima, vinafuliwa pamoja, vinaanikwa pamoja. Siku ya kugawana kila mtu anatafuta tundu lake. Mama yangu alikuwa na lake, dada yangu lake. Langu ni kwenye M, mguu wa kushoto, ukingoni. Nilimwacha asimame kwa kidole, kama mtu anayetaka kutoka. Atakayeliziba amekifanya kitambaa kuwa cha mtu yeyote."

Akanigeukia. "Baba Mize?"

"Nilidhani umekosea."

"Nikakosea mahali pale pale kwenye vitambaa vyote saba?"

"Nilidhani nakusaidia. Nilisema bosi akiona pana tundu atasema kazi mbovu. Nikauwasha ule mraba, basi. Mmoja tu."

"Mmoja tu," alisema.

Nimekaa na neno hilo tangu siku ile, kama kuna siku. Katika sitini na minne, mmoja. Mwizi wa kawaida huchukua kilichopo. Mimi nilichukua vyote vilivyopo na bado nikaona kuna mahali patupu, nikapajaza. Na pale patupu ndipo alipokuwa. Miraba yote mingine aliwapa wageni, waisome, waikalie, waiegemee vichwa vyenye mafuta. Ule mmoja usiowaka haukuwa wa mgeni. Tunadhani mtu yuko pale anapong'aa. Tunadhani mwenye mamlaka ni yule anayesema waka, na vitu vinawaka. Lakini kule mjini, ambako hakuna kitu ila kuwaka na kulala, niliona kwamba herufi inasomeka kwa sababu ya miraba iliyokataliwa mwanga. Washa yote na huna M, huna A, una bonge la taa tu. Na mimi nimekuwa hivyo, bonge la taa, miaka arobaini, kila mtu ananiona na hakuna anayesoma kitu.

"Mia tisa na sitini," Karani akasema.

Kidawa alichomoa sindano kwenye ukosi. Aliigusisha tu, kwa ncha. Mraba ulizimika bila sauti, na Bi M akainuka. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa juu kidogo ya ardhi. Alijaribu uzito, akapiga hatua moja, ikawa kweli hatua, akapita katikati ya hapa na pale. Hakushukuru mtu. Aliyebebeshwa jambo lisilo lake hana haja ya kushukuru akituliwa. Alisema tu, "Ah," kama mtu anayevua kiatu, na palepale wakaitwa. Mchezaji alikuwa amekufa mahali fulani. Wakakimbia wote, S na H na K na mkono wake juu, na Bi M mbele akichechemea kwa madaha. Nje ya lango yule M laini alishusha mkono aliokuwa akipunga, akatazama viatu vyake.

Nikadhani wamenisahau. Nikaanza kuondoka kwa zile hatua zisizo na njia.

"Mzee," Karani akaita. "Aliyewasha mraba usio wake huzimiwa mmoja ulio wake."

"Ni haki," nikasema haraka, maana nilikwisha piga hesabu. "Chukueni kwenye tumbo. Pale kuna ziada, hata mkichukua mitatu."

"Huchagui wewe. Anachagua mwenye kitambaa."

Kidawa alinisogelea. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba Mize ana watoto wanne. Kwamba vile vitambaa viko salama, jambo ambalo si kweli, kimoja nilifungia betri. Yeye alikuwa ananipitia uso kwa macho, safu kwa safu, akihesabu, jinsi alivyokuwa akihesabu matundu kabla ya kushona.

"Tumboni hutaona pamepungua," alisema. Akaweka kidole kwenye kona ya mdomo wangu, upande wa kushoto. "Hapa. Hadithi zako zote zilipita hapa zikitoka. Na ya kwangu ilipita hapa."

"Utauma?"

"Utapwaya tu."

"Kidawa. Nikifika nje niwaambie herufi ni zako?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza, na alikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuweza kutazama.

"Waambie uliziba," alisema. "Mengine watayajua wenyewe."

Giza.

Mwanga.

Mize alikuwa ameinama juu ya kochi ananishika mabega. "Baba. Baba, nisikilize. Mdomo wako umeenda upande."

Nikajaribu kumweleza na maneno yakatoka yamelegea, yanamwagika pembeni. Hospitalini daktari, kijana mpole, alituonyesha picha ya kichwa changu na kusema ni mshipa mdogo sana, nimshukuru Mungu, upande mmoja tu na kona tu. Nikamwambia si mshipa, ni mraba. Akamtazama Mize. Mize akasema, "Mzee wetu ndivyo alivyo, daktari."

Nyumbani nilimweleza yote kuanzia mwanzo, na nilimweleza lile la jioni moja, na kwamba niliziba. Hilo la kuziba alilisikia. Aliacha kukunja nguo. Hakuuliza kama ni kweli, na mimi nimezoea kuulizwa.

"Mama aliwahi kukuuliza?" alisema baadaye.

"Hapana."

"Aliona?"

Mashine ya kwanza ilipokuwa tayari nilimpeleka karakana akaone. Nilimwashia. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mwanga unamcheza usoni, kisha akasema turudi, ana nguo nje na mvua inakuja. Mvua haikuja. Nilimjibu Mize kwamba sikumbuki, na mate yakanitoka kwenye kona.

Siku hizi kila asubuhi ananiletea chai na kunifunga taulo shingoni kama mtoto. Nikinywa, nyingi inaingia, na kidogo inapita pale pembeni, tone baada ya tone, inashuka kidevuni. Mtu wa mazoezi alinifundisha niibane ile kona kwa kidole ninapokunywa, ili pasivuje. Si kazi ngumu, na Mize anachoka kufua. Kidole nakipeleka mpaka karibu kabisa, halafu nakirudisha. Pale si pangu kupaziba.